Baada ya Ultrasaundi ya Mwezi wa Tano wa Ujauzito: Mwongozo Kamili wa Kuyasoma Majibu na Kuyafuatilia

Wasomaji wa Unguja na Pemba wanauliza jambo lile lile kwa sura tofauti. Mama amepigwa ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na ya 22, amepewa karatasi iliyojaa herufi na tarakimu, amerudi nayo nyumbani, na kabla ya magharibi imeshasomwa na mume, wifi na jirani. Kesho yake anakwenda kupima pengine, anapewa tarehe nyingine ya kujifungua, na keshokutwa anakwenda pengine tena. Wiki inapokwisha ana karatasi tatu na hofu tatu, wala hakuna hata karatasi moja iliyofika mikononi mwa mkunga anayeifuatilia mimba yake.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja: kuyachukua majibu ya vipimo vya katikati ya ujauzito, kuyatenganisha kwa uzito wake, na kuyafikisha kwa mtu anayeweza kuyafanyia kazi. Ultrasaundi ya tatu ndani ya wiki moja haiongezi elimu. Inaongeza gharama tu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kadi ya kliniki ya wajawazito.
- Karatasi ya ultrasaundi ya sasa pamoja na picha zake.
- Karatasi ya ultrasaundi ya mwanzo, ikiwa ulipimwa kabla ya wiki ya 14.
- Majibu yote ya maabara: wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, sukari, kaswende, virusi vya UKIMWI na homa ya ini.
- Tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.
- Kundi la damu la mume, na majibu yake ya selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) ikiwa amewahi kupima.
- Daftari dogo na kalamu.

Picha za ultrasaundi mara nyingi huchapwa kwenye karatasi laini inayoandikwa kwa joto. Karatasi hiyo hufifia ikikaa juani au ikigusana na mafuta, na ukiipeleka ikafunikwe kwa plastiki ya moto itageuka nyeusi yote. Ipige picha kwa simu siku ile ile, kisha itie ndani ya bahasha ya karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki uliobeba maandazi.

## Hatua ya 1: Uliza maswali matatu kabla hujatoka chumbani

Muulize aliyekupima: Je, umeona kitu chochote kilichokutia shaka? Je, kuna kiungo ambacho leo hukuweza kukiona vizuri? Nirudi lini, na karatasi hii nimpelekee nani?

Swali la pili ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linalozaa hofu nyingi zisizo na msingi. Mtoto akiwa amelala kifudifudi, moyo wake na uso wake hufichika, na mpimaji huandika kwamba havikuonekana. Kutoonekana si kasoro. Maana yake ni kwamba kipimo hakijakamilika, na mara nyingi hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, pengine siku hiyo hiyo baada ya mama kutembea kidogo ili mtoto ageuke.

Huenda mpimaji akakwambia kwamba si kazi yake kueleza majibu. Usimgombeze, muulize tu jina la daktari au mkunga atakayeyaeleza, na uende kwake siku hiyo hiyo ukiweza.

Hatua hii imekamilika pale unapotoka ukiwa na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. "Utarudi baadaye" si tarehe.

## Hatua ya 2: Zijue dalili zisizosubiri tarehe

Karatasi nzuri haifuti dalili mbaya. Hata kama umeambiwa asubuhi kwamba kila kitu ni salama, nenda hospitali mara moja, mchana au usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- kutokwa na damu ukeni, hata kama hakuna maumivu;
- maji kutoka ukeni bila ya kuzuilika;
- maumivu makali ya tumbo, au tumbo kukaza na kulegea kwa vipindi;
- kichwa kuuma sana, kuona vimulimuli, au uso na mikono kuvimba ghafla;
- homa;
- mtoto aliyekuwa akicheza kuacha kucheza.

Kuhusu kucheza kwa mtoto, wengi huanza kumhisi kati ya wiki ya 16 na ya 24, na mwenye mimba ya kwanza huchelewa zaidi. Kondo la nyuma likiwa limekaa upande wa mbele wa kizazi, mateke huhisiwa kwa kuchelewa kwa sababu linayapunguzia nguvu. Ikiwa wiki ya 24 imefika na hujahisi chochote, hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa bila ya kusubiri kliniki ijayo.

Usisubiri kupambazuke ili upate gari ya abiria. Aliyeko Micheweni aende Micheweni na aliyeko Makunduchi aende Makunduchi. Uamuzi wa kukupeleka mbele, Hospitali ya Abdulla Mzee huko Mkoani au Mnazi Mmoja mjini, ni wa wahudumu watakaokupokea.

## Hatua ya 3: Weka tarehe moja ya kujifungua

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kliniki huhesabu wiki, nyumbani tunahesabu miezi. Hesabu ya kliniki huanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku mimba ilipotungwa, ndiyo maana mama huambiwa ana wiki 20 hali ya kuwa yeye ana yakini kwamba mumewe alirudi safari wiki 18 tu zilizopita. Hakuna aliyekosea, na hakuna wa kushukiwa. Wiki mbili za mwanzo ni za kabla ya mimba kutungwa.

Mfano: hedhi ya mwisho ilianza tarehe 3 Machi 2025. Wiki 20 zilitimia tarehe 21 Julai, na siku 280, yaani wiki 40, zilitimia tarehe 8 Desemba 2025. Tarehe hiyo ndiyo inayoandikwa mbele ya herufi EDD kwenye karatasi, na umri wa mimba siku ya kipimo huandikwa mbele ya herufi GA.

Wapo wanaoikumbuka hedhi yao kwa miezi ya Kiislamu: ilikuwa mwishoni mwa Shaabani, au siku chache baada ya Iddi, Mfunguo Mosi. Kumbukumbu hiyo ni nzuri, pengine ni bora kuliko ya kubahatisha tarehe ya Kizungu. Mwambie mkunga hivyo hivyo, mkatazame kalenda pamoja. Tahadhari ni moja tu: miezi hiyo ina siku 29 au 30, na miezi tisa yake ni takriban siku 266, kwa hiyo anayehesabu miezi tisa kamili tangu hedhi ya mwisho atajiona amechelewa wiki mbili kumbe bado.

Karatasi mbili zikitofautiana, kanuni ni hii: ultrasaundi ya mapema ndiyo inayotawala. Kabla ya wiki ya 14 watoto wote hulingana sana kwa urefu, hivyo kipimo hukosea kwa siku chache tu. Katikati ya mimba tofauti ya hadi siku 10 hivi ni ya kawaida, na miezi mitatu ya mwisho kipimo kinaweza kupishana na ukweli kwa wiki tatu, kwa sababu watoto wameshaanza kutofautiana kwa maumbile kama walivyo wazazi wao.

Tahadhari. Usikubali tarehe ibadilishwe kila unapopimwa. Ikisogezwa mbele kila mara, mtoto aliyedumaa tumboni ataonekana kana kwamba ni mdogo wa umri tu, na tatizo litapita bila ya kugundulika.

Umefanikiwa pale kadi inapokuwa na tarehe moja tu ya kujifungua, na mkunga ameandika imetokana na nini: hedhi au ultrasaundi ya kwanza.

## Hatua ya 4: Tenganisha maneno ya karatasi kwa uzito wake

Kaa na mkunga au daktari, si na jirani, na kwa kila neno la kutisha uliza: hili linahitaji kitu leo, linahitaji kurudiwa, au linahitaji kuachwa? Yafuatayo ndiyo yanayoulizwa zaidi.

### Kondo la nyuma liko chini

Katika wiki ya 20 jambo hili ni la kawaida. Kondo huitwa la chini likiwa chini ya sentimita 2 kutoka mlango wa ndani wa kizazi, na huwa ni tatizo kubwa zaidi likiufunika mlango wenyewe. Sehemu ya chini ya kizazi hutanuka kadiri mimba inavyokua, na kwa wanawake wengi kondo hujikuta limepanda juu bila ya dawa yoyote. Kwa hiyo kipimo hurudiwa karibu na wiki ya 32, na likiwa bado liko chini, tena karibu na wiki ya 36 ili kuamua njia ya kujifungua.

Mpaka hapo, tumbo lisikandwe wala kusingwa, hata na mkunga wa jadi unayemuamini tangu utotoni. Mtu yeyote anayetaka kukupima ukeni kwa vidole aambiwe kwanza kwamba kondo liko chini. Tendo la ndoa uliza, na ikiwa umewahi kutokwa na damu, liache.

Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, na kondo la sasa liko chini upande wa mbele, ana jambo jingine la kufuatilia: kondo linaweza kujishikiza kwenye kovu la zamani na kukataa kutoka siku ya kujifungua. Huyu aonwe na daktari bingwa wa uzazi mapema, na asipange kujifungulia kituo kidogo.

### Nukta nyeupe moyoni na vifuko vya maji kichwani

Nukta ing'aayo kwenye moyo wa mtoto si ugonjwa wa moyo wala si tundu. Huonekana kwa watoto wachache katika kila 100, na moyo hufanya kazi kama kawaida. Vifuko vidogo vya maji ndani ya ubongo, kwenye sehemu inayotengeneza maji ya ubongo, huonekana kwa takriban mtoto 1 hadi 2 katika kila 100, na vingi hupotea vyenyewe kufikia wiki ya 28.

Alama hizi zikiwa peke yake, na viungo vingine vyote vimetazamwa vikaonekana sawa, kwa kawaida haziongezi hatari kwa kiasi cha kumnyima mtu usingizi. Zikiwa mbili au tatu pamoja, au zikiambatana na kasoro nyingine, nenda Hatua ya 6.

### Figo kujaa maji kidogo

Mfereji wa figo ukizidi milimita 4 katikati ya mimba, mpimaji huandika kwamba umetanuka. Utanukaji mdogo, hasa wa milimita 4 hadi 7, mara nyingi hutoweka. Rudia kipimo karibu na wiki ya 32, na kama bado upo, mtoto apimwe figo baada ya kuzaliwa. Andika hilo kwenye kadi kwa herufi kubwa, kwa sababu baada ya kujifungua kila mtu hushughulikia akika na jambo hili husahaulika.

### Maji, mkao, kitovu na uzito

Kipimo cha maji yanayomzunguka mtoto, herufi AFI, kwa kawaida huwa kati ya sentimita 5 na 25. Mtoto kukaa kwa makalio wiki ya 20 hakuna maana yoyote; mwisho wa mimba hubaki hivyo watoto 3 au 4 tu katika 100. Kitovu kuzunguka shingo ni jambo la kawaida, na mtoto hujizongoa na kujizonga tena. Uzito unaokadiriwa unaweza kupishana na uzito wa kweli kwa asilimia 10 hadi 15.

Na kwa kuwa swali halikosekani: ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi ya kumuunguza mtoto. Jinsia hukosewa mara mojamoja, basi usipake chumba rangi kwa ajili yake.

## Hatua ya 5: Usiziache karatasi za maabara nyuma

Picha hupendwa zaidi kuliko damu, ilhali katika visiwa vyetu damu ndiyo inayowaangusha akina mama wengi.

Wingi wa damu. Chini ya gramu 10.5 kwa desilita katikati ya mimba ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali unaohitaji hospitali. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kila siku, mbali na chai na kahawa angalau kwa saa moja, kwa kuwa vinywaji hivyo huyazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Maji ya ndimu au chungwa husaidia. Choo cheusi ni cha kawaida. Kichefuchefu kikizidi, meza usiku baada ya chakula badala ya kuacha kabisa.

Mwambie mkunga ukweli ukiwa unakula udongo au mchele mbichi. Ni desturi inayojulikana, hasa Pemba, na mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Uliza pia dawa ya minyoo, kwa sababu safura hunyonya damu, na dawa hiyo inaruhusiwa kuanzia miezi mitatu ya kati.

Kundi la damu lenye alama hasi. Ikiwa la mume ni chanya, utahitaji sindano ya kinga karibu na wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ana damu chanya. Ukitokwa na damu njiani, sema kundi lako kabla hujaulizwa. Sindano hii haipo kila mahali, hivyo ianze kutafutwa sasa.

Selimundu. Mama akiwa mbeba vinasaba, mume apimwe. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Faida ya kujua mapema ni kwamba mtoto atapimwa akiwa mchanga na kuanza kinga kabla hajaugua.

Sukari. Kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, asubuhi na tumbo tupu. Huhesabiwa kisukari cha mimba ikiwa sukari ya kabla ya kunywa imefika 5.1 (kwa milimoli kwa lita), au ya saa moja 10.0, au ya saa mbili 8.5, tarakimu moja tu ikifika inatosha. Kazi ya kwanza ni kupunguza sahani ya wali, chai ya sukari na vitu vya unga, na kutembea baada ya kula. Mwenye kisukari cha mimba asijiamulie kufunga Ramadhani bila ya kuzungumza na daktari. Sheria ya Kiislamu imempa mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Presha na mkojo. 140 kwa 90 au zaidi, au protini kwenye mkojo, hupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba huanzia hapa.

## Hatua ya 6: Ikiwa kuna shaka ya kasoro

Omba barua ya rufaa, si ushauri wa mdomo. Barua iseme nini kimeonwa, wiki ya ngapi, na swali gani linaulizwa. Kisha rudia kipimo mara moja, kwa daktari bingwa mwenye mashine nzuri na aliyezoea kutazama kasoro. Wa Pemba wapange safari ya boti wakiwa na nakala za karatasi zote, na kabla ya kuondoka wapige simu kuhakikisha daktari huyo yupo siku hiyo.

Kwa daktari huyo, uliza mambo manne: ni kasoro gani, una yakini kiasi gani, mtoto azaliwe wapi, na nani atampokea. Swali la tatu ndilo lenye manufaa makubwa. Mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa anaweza kuhudumiwa hapa hapa, kwani Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo tangu 2014. Kasoro nzito za moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mdomo uliopasuka hushonwa, na kinachohitajika mwanzoni ni kujifunza namna ya kumnyonyesha.

Kuhusu sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, tofautisha vipimo vya kukadiria na vya kuthibitisha. Damu ya mama, hata ile inayosoma vinasaba vya mtoto kuanzia wiki ya 10, hutoa makadirio tu. Kuthibitisha kunahitaji kuchota maji yanayomzunguka mtoto kwa sindano, kuanzia wiki ya 15, na kipimo hicho kina hatari ndogo ya mimba kutoka. Vipimo hivi si sehemu ya huduma za kawaida za kliniki zetu, hivyo kabla ya kutumia fedha jiulizeni mume na mke: jibu likija, litabadilisha nini? Umri wa mama huongeza uwezekano, takriban 1 kati ya 350 akiwa na miaka 35 na 1 kati ya 100 akiwa na 40, lakini hata hapo walio wengi huzaa watoto wasio na hali hiyo.

Ultrasaundi nzuri kabisa nayo hupitwa na baadhi ya kasoro. Asikuahidi mtu kwamba picha safi ni dhamana.

Mgongo wazi ukithibitika, andika ukumbusho mmoja kwa ajili ya mimba ijayo: kumeza vitamini ya foliki asidi ya dozi kubwa kwa agizo la daktari, kabla ya kushika mimba.

## Hatua ya 7: Panga nyumbani

Chagua watu wawili wa kuyajua majibu, mume na mama yako, au somo wako. Mkwe anayeuliza aambiwe na mume. Habari ikigawanywa mtaa mzima, kila mtu atakuwa na dawa yake, na mjamzito ndiye atakayezinywa.

Dua na kisomo havigongani na hospitali. Kombe linywewe likiwa la maji safi, na dawa za miti zisizojulikana ziachwe, kwa sababu baadhi yake hukaza kizazi. Dawa ya hospitali isiachwe kwa ajili ya nyingine.

Mwenye kondo la chini, damu pungufu au presha akubaliane na familia mapema: atakaa kwa nani karibu na hospitali kuanzia wiki ya 36, nani wawili wenye kundi linalolingana watakuwa tayari kuchangia damu, na gari ya nani itamchukua usiku wa manane. Namba ya dereva huyo na kundi la damu viandikwe kwa wino nyuma ya kadi ya kliniki, si kwenye simu pekee, kwa kuwa simu huzimika chaji.